Noah inatoa moshi wa bluu asubuhi: usiende kutafuta injini kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu Toyota Noah yako yenye injini ya 3S. Umesema ukiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu, ikishapata joto hauuoni tena, na fundi wako amekwambia ringi za pistoni zimekwisha, uende soko la vipuri la Kisekka, Kampala, ukatafute injini nyingine. Shika hela yako kwanza. Kwa hayo uliyoeleza, mimi sioni injini iliyokufa. Naona sili za valvu.

Wenzangu wamekujibu kwa rangi: mweupe ni maji, bluu ni oili, mweusi ni mafuta mengi. Sawa, lakini rangi inakutajia kinachoungua tu. Kimepitia wapi mpaka kikafika kwenye silinda, hilo utalijua kwa kuangalia moshi unatoka wakati gani. Niliendesha Hiace ya dizeli njia ya Kampala–Kabale kwa miaka kabla ya kufungua gereji hapa Mbarara, na magari mengi yanayoletwa kwangu yakiwa yameshahukumiwa kuvunjwa injini, mwenyewe hajawahi kuulizwa swali hilo.

Oili ina njia kuu mbili za kuingia inakoungulia. Ya juu ni kwenye shina la valvu, ambako kuna kisili kidogo cha mpira. Mpira ule ukikaa na joto miaka mingi unakauka na kuwa mgumu, haukumbatii tena shina. Gari ikilala, oili iliyobaki juu kwenye hedi inachuruzika polepole hadi juu ya pistoni. Asubuhi ukiwasha inaungua yote kwa mkupuo, wingu linatoka, halafu kimya. Ya chini ni ringi, na ringi hazingoji asubuhi. Zikiisha, moshi unatoka kila unapokanyaga, hasa ukipanda mlima na mzigo, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma unakuta hewa inapiga kwa nguvu kutoka ndani, pengine na matone inakurushia.

Jaribu hivi. Injini ikiwa imeshika joto vizuri, iache ingurume dakika kadhaa bila kukanyaga, kama vile umekwama kwenye jamu ya Kibuye jioni. Mtu asimame nyuma aangalie bomba. Kisha kanyaga ghafla. Likitoka wingu moja la bluu halafu bomba likawa safi, ni sili. Ukiendelea kukanyaga na moshi nao ukaendelea, hapo ringi zinaingia kwenye mashaka. Kipimo kingine kizuri ni mteremko mrefu. Shuka na gia ndogo, mguu umeutoa kwenye mafuta. Wakati huo mvuto kwenye manifodi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, ni mkali na unanyonya oili kupitia sili mbovu. Ukifika chini ukakanyaga, aliye nyuma yako atakusimulia. Barabara ya Kabale kwenda Kisoro ni hospitali ya kupimia ugonjwa huu.

Ukitaka uhakika, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Toa plagi zote nne, pima kila silinda, andika namba. Kisha mimina kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hiyo ringi zimelika. Ikibaki palepale ilhali iko chini, tatizo ni valvu au gasketi. Na zikiwa nzuri na zinakaribiana zote nne tangu mara ya kwanza, mwambie fundi akueleze ringi anazozisema ni zipi. Ziangalie na plagi zenyewe: yenye oili itakuwa nyeusi na imelowa, yenye mafuta mengi itakuwa na masizi makavu, na silinda inayoingiza maji mara nyingi plagi yake inakuwa safi kuliko wenzake kana kwamba imeoshwa.

Sili za valvu zinabadilishwa bila kushusha hedi, na hapa ndipo wengi wanapigwa. Sisi tunafanya hivi: tunatoa kamshafti, tunaingiza kamba laini na safi kupitia tundu la plagi mpaka ijae juu ya pistoni, tunazungusha kranki kwa mkono taratibu hadi pistoni ibane kamba chini ya valvu. Hapo valvu haiwezi kudondoka. Unabana springi, unatoa vile vikabari viwili vidogo, unavuta kisili cha zamani kwa koleo na kugonga kipya. Vya zamani ukivibonyeza kwa kucha vinapasuka kama biskuti. Kwenye 3S lazima mkanda wa taimingi utoke ili kamshafti zitoke, kwa hiyo kama mkanda una umri, badilisha palepale. Ncha ya kamba ibaki nje ya tundu, tafadhali. Sitaeleza kwa nini.

Kabla ya yote hayo kuna kitu cha bei ndogo ambacho fundi wengi hawakigusi: valvu ya PCV, ile inayopumulia injini. Ikiziba, presha inajaa chini na kusukuma oili kila mahali; ikikwama wazi, oili inanyonywa moja kwa moja kwenye manifodi. Itoe uitikise; nzima inalia ndani. Angalia pia kama hukuzidisha oili kupita alama ya juu ya dipstiki.

Mwingine hapa amekushauri umwage oili uweke 20W-50, ile nzito, moshi upungue. Utapungua, ndiyo, na sili zitabaki zilezile. Ndiyo dawa ya wauza magari hiyo. Kwa hiyo ukinunua gari iliyotumika usikubali kuikuta imeshawashwa. Nenda mapema, gusa injini uhakikishe ni baridi, washa mwenyewe huku mwenzako akiangalia nyuma. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda gari ya miaka 15 na zaidi, lakini zilizokuwa zimeshaingia bado ziko barabarani na zinabadilisha mikono kila siku. Kwa wale wenye Toyota za injini ya 1ZZ: za mwanzoni zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni, hivyo kwao ringi ni shaka halali kabisa.

Moshi mweupe nitaupitia haraka. Asubuhi ya baridi mvuke mwembamba unaopotea baada ya dakika chache ni maji tu ya ndani ya ekzosi, kila gari inao. Mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu ya kulanti, huku maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja, huo ni hedi gasketi au hedi yenye ufa. Injini ikiwa baridi, fungua rejeta, washa, tazama kama mapovu yanapanda bila kukoma. Ikiwa ya moto usiguse kifuniko. Kwa dizeli, mweupe unaochoma macho ni mafuta yasiyoungua: plagi za kupashia joto, taimingi ya pampu, au kompresheni ndogo.

Mweusi kwenye petroli, anza na filta ya hewa, kisha sensa. Lakini huku kwetu kuna sababu nyingine tunayojitengenezea: kung'oa themostati, ile inayozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ishike joto. Gari ikichemka mara moja, themostati inatupwa. Baada ya hapo injini haifikii joto lake, sensa inaiambia kompyuta kwamba bado baridi, kompyuta inaongeza mafuta, bomba linajaa masizi na mwenye gari analalamikia bei ya petroli. Rudisha themostati, utengeneze kilichochemsha.

Kwenye dizeli mambo ni marefu zaidi. Watu husingizia mafuta, ingawa Afrika Mashariki ilihamia dizeli ya salfa ndogo, ppm 50, tangu 2015. Ninachokikuta mimi mara kwa mara ni nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza, na skrubu ya pampu iliyozungushwa ili gari "iwe na nguvu". Hiace ya injini ya 5L haina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada. Kabale iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Kampala. Pampu iliyoongezwa mafuta inamwaga yaleyale, hewa ya kuyachoma haipo, na abiria wamezidi. Anayekufuata haoni barabara. Nguvu inayopatikana ni ndogo, joto linalopanda ni kubwa, na hedi ndiyo inayolipa. Rudisha skrubu ilipokuwa, peleka nozeli zikapimwe kwenye mashine.

Sasa wewe wa Noah: fanya kipimo cha jamu, toa plagi uzipige picha kwa mpangilio wa silinda, pima kompresheni kavu na ya kijiko. Leta namba zote nne hapa, useme na inakula oili kiasi gani kati ya servisi moja na nyingine, na ni oili gani unayotumia. Fundi akikataa kupima, gari bado inatembea. Ipeleke kwa mwingine.