Maswali yenu ya monita: pikseli kwanza, inchi baadaye

Maswali ya safari hii ni mengi na mengi yake yanauliza inchi. Naanza na hilo ili lisirudi tena mwezi ujao.

Nataka monita ya nyumbani, ya kazi za ofisi na sinema kidogo. Nichukue inchi 27 au 32? (Msomaji, Bamburi)

Ndugu yangu, inchi ni swali la pili. La kwanza ni pikseli ngapi, na hilo hukuliandika. Inchi ni urefu wa kioo kutoka pembe hadi pembe, basi. Haikwambii picha imeundwa kwa vitone vingapi, na vitone hivyo ndivyo pikseli.

Monita ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli kama 92 katika kila inchi, na maandishi husomeka vizuri ukikaa umbali wa mkono. Tandaza pikseli zizo hizo kwenye inchi 27, zinabaki 82. Kwenye inchi 32 zinabaki 69, na hapo utaona ngazi ngazi kwenye mkunjo wa herufi S. Nafasi ya kazi haijaongezeka hata kidogo: safu za Excel ni zile zile, zimenenepa tu. Ukitaka inchi 27, lipia 2560 kwa 1440, upate 109 kwa inchi. Inchi 32 yenye 2560 kwa 1440 inakurudisha kwenye 92, si mbaya. Mfuko ukikataa, chukua inchi 24 nzuri uiache 27 ya 1920 kwa 1080, hata muuzaji akikuapia.

Na dukani usitazame ile video ya samaki wa rangi wanaoogelea. Video huficha ubovu. Fungua ukurasa wa maandishi madogo meusi kwenye weupe, ukae mbele yake kama utakavyokaa nyumbani.

Inchi 22 au 24?

Soma jibu la juu. Zote zikiwa 1920 kwa 1080, chukua inayoenea mezani.

TV yetu ya sebuleni ni inchi 32. Haiwezi kuwa monita ya mtoto wa sekondari? (Mama, Mikindani)

Mama, kwanza tafuta maandishi kwenye boksi au kibandiko cha nyuma. Ikiwa ni HD Ready, kwa kawaida ina pikseli 1366 kwa 768, yaani 49 tu kwa inchi. Mtoto atasoma maandishi yenye ukungu, ataisogelea, na kichwa kitamuuma. Hiyo iacheni iwe ya taarifa na mpira.

Ikiwa ni Full HD, yaani 1920 kwa 1080, inafaa kwa muda, mradi akae zaidi ya mita moja. Ingia kwenye mipangilio ya ukubwa wa picha uchague Just Scan au Screen Fit, la sivyo TV itakata kingo na sehemu ya chini yenye saa haitaonekana. Kisha, kama TV inaruhusu, lipe lile tundu la HDMI ulilochomekea kompyuta jina la PC. Katika TV nyingi hatua hiyo huzima urembo wa picha unaochafua herufi na kuichelewesha mausi.

Nimenunua monita ya 144 Hz, mbona sioni tofauti? (Kijana, Tudor)

Hz ni mara ngapi picha hubadilishwa kwa sekunde, na Windows mara nyingi huiacha kwenye 60 mpaka uibadilishe mwenyewe. Bonyeza kulia kwenye uso wa kompyuta, ingia Display settings, halafu Advanced display, uchague 144. Isipoonekana kwenye orodha, tazama waya. Monita nyingi hupokea Hz chache kupitia HDMI kuliko kupitia DisplayPort, tundu jingine la picha. Kijitabu chake kinasema. Na ikiwa unatumia ile plagi ya buluu ya pini 15, yaani VGA, itoe leo. Ndiyo hiyo hiyo inayowatia ukungu wale watatu walioniandikia kuwa "monita mpya haionyeshi vizuri".

Muuzaji anasema yake ina kontrasti ya milioni kumi kwa moja.

Puuza. Kontrasti ni tofauti kati ya weupe na weusi wa kioo, na hutegemea aina ya paneli, yaani kioo chenyewe: IPS ya kawaida ni kama 1000 kwa 1, VA kama 3000 kwa 1. Kazi na picha, chukua IPS, kwa sababu rangi haigeuki ukiitazama ubavuni. Sinema za usiku taa zikiwa zimezimwa, VA ina weusi mzito zaidi. TN, aina ya tatu, rangi zake hugeuka ukiitazama ubavuni, usiichukue kabisa kwa nyumba yenye watu zaidi ya mmoja mbele ya kioo.

Nimeona monita za ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, kwa bei nzuri mjini. Nikague nini? (Msomaji, Changamwe)

Nenda na laptopu yako na waya yako mwenyewe. Iwashwe, iachwe nusu saa. Kasoro nyingi hujitokeza mashine ikishapata joto: kioo kinapepesa, kinajizima, au kinatoa mlio mwembamba. Muuzaji asiyekubali nusu saa anajua kitu usichokijua.

Wakati unangoja, jaza kioo kwa rangi moja moja. Nyeupe inaonyesha pembe zilizofanya manjano. Nyeusi, huku umeifunika kwa shuka au taa zimezimwa, inaonyesha mwanga unaovuja kingoni. Nyekundu, kijani na buluu zinaonyesha pikseli zilizokufa. Kitone kimoja pembeni, omba upunguziwe. Mstari wa wima toka juu hadi chini ambao haupotei ukibadilisha waya, achana nayo: ubovu mara nyingi uko kwenye paneli, na kuibadilisha hakulipi. Ikichukua dakika kadhaa kung'aa na weupe wake unaanza na wekundu, hiyo ni ya zamani ya mirija ya mwanga, si ya LED. Waachie.

Halafu igeuze. Mulika simu ndani ya matundu ya HDMI na DisplayPort. Ukiona kijani kwenye pini, kutu imeshaingia. Nyingi huja bila mguu, kwa hivyo, ili upate mguu unaoingia, pima matundu manne ya skrubu nyuma: mraba wa milimita 100 kwa 100 au 75 kwa 75, skrubu kwa kawaida M4. Skrubu ndefu mno hugusa bodi ndani.

Tunakaa karibu na bahari, Nyali. Monita mbili zimeharibika. (Msomaji)

Chumvi na unyevu. Usiiweke kwenye dirisha linalotazama bahari, hasa wakati wa kusi. Matundu usiyotumia yazibe kwa vifuniko vya mpira. Itumie mara kwa mara, maana joto lake hufukuza unyevu. Ile inayofungiwa kabatini miezi mitatu ndiyo inayooza. Kioo usikifute kikavu, chembe za chumvi hukwaruza. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa cha maikrofaiba kilicholoweshwa kidogo kwa maji yaliyochemshwa mvuke yakakusanywa, yale ya betri yasiyo na asidi. Usipulizie kitu moja kwa moja kwenye kioo: maji hushuka hadi ukingo wa chini na kuingia kwenye viunganishi.

Na ukiitoa ofisi yenye AC ukaileta nyumbani, iache saa mbili kabla ya kuchomeka. Kifaa kilichopoa hutoa jasho kikikutana na hewa ya Mombasa, nje na ndani.

Laptopu yangu ina tundu la Type-C. Inatosha kupeleka picha kwenye monita?

Tazama alama kando ya tundu: D yenye P ndani yake, au kimshale cha radi. Bila alama, jaribu dukani. Na waya ya chaja ya simu kwa kawaida haipitishi picha.

Stima ikirudi kwa nguvu, extension yangu yenye taa nyekundu italinda? (Msomaji, Likoni)

Taa ile ni ya swichi, hailindi chochote. Nunua kilinda TV kinachokata stima ikizidi au ikipungua na kusubiri dakika chache kabla ya kuirudisha. Ikikatika, zima ukutani.

Ukiwa bado hujanunua monita, napenda yenye adapta ya nje. Mara nyingi mshtuko huishia kwenye adapta, nayo hubadilishwa kwa bei ndogo: volti ziwe zile zile kabisa, ampea zisipungue, alama za chanya na hasi zilingane, na kichwa kiingie bila kulegea. Piga picha ya kibandiko chake leo, kabla maandishi hayajafutika.