Mama akitoka kwenye mionzi ya ndani, wajukuu wasimwogope

Dada, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mama, mwenye saratani ya shingo ya kizazi hatua ya tatu, akishawekewa mionzi ya ndani pale hospitali ya saratani ya Ocean Road ataweza kulala na wajukuu. Ataweza, siku hiyohiyo. Kinachotangulia kuingizwa ni mirija mitupu isiyo na mionzi. Ikishakaa sawa, wahudumu wanatoka chumbani, ndipo mashine inasukuma chembe yenye mionzi, ya iridiamu-192 au kobalti-60, hadi penye uvimbe. Baada ya dakika kadhaa chembe inarudi kwenye mashine, mirija inatolewa. Mwilini hakibaki kitu.

Jirani yako anayesema mama atabaki na mionzi mwilini kachanganya na tiba nyingine: vipande vyenye mionzi vya iodini-125, vidogo kama punje ya mchele, vinavyopandikizwa kwenye tezi dume na kuachwa humo. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 60 hivi, ndiyo maana mgonjwa huyo huambiwa asipakate watoto miezi ya mwanzo.

Kwenu nahofia zaidi muda. Mionzi ya nje (inayopigwa na mashine kutoka nje ya mwili) na ya ndani kwa pamoja inatakiwa imalizike ndani ya wiki 8. Habari za kwenda kijijini "kupumzika kwanza" msizikubali. Dalili zikipungua katikati, si kwamba amepona. Dai tarehe za matibabu mapema, na uulize atapewa dawa gani ya maumivu, maana ile mirija inauma (wengi hawalisemi).