Kamande zinywe ndimu zingali moto

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni chakula gani kisicho na nyama wala samaki ambacho mkikiandaa, sinia hurudi jikoni tupu, na siri yake ni nini? Jibu langu ni saladi ya kamande na mboga za kuchoma. Najua hapa Mombasa mtu akisikia saladi hufikiria kachumbari ya kando ya pilau, kitu cha kuchangamsha ulimi tu. Hii ninayoisema ni chakula kizima. Nyumbani kwetu twaila kila Alhamisi usiku, watu sita, bila ya wali, na hakuna anayelala na njaa.

Mwanzo haikuwa hivyo. Babangu, aliyefanya kazi bandarini hadi alipostaafu, alihamia kwangu Tudor baada ya daktari kumwambia sukari imepanda na apunguze wali na mkate mweupe. Usiku wa kwanza nilimwandalia saladi ya kamande. Alikula, akasema alhamdulillahi, akanawa mikono. Saa nne usiku nikamsikia jikoni anafungua kopo la mkate. Sikumlaumu hata kidogo, kwa sababu chakula chenyewe kilikuwa kimepooza: kamande chache mno, mboga zimejitokosa kwa maji yake zenyewe, na ndimu imetuama chini ya bakuli haijaingia popote. Mzee alikuwa amekula lakini hakuwa amelishwa. Ikanibidi nitafute nilipokosea, na nimechukua miezi kadhaa kupapata.

Nianze na jina, maana wengi hurudi kutoka sokoni na kitu kingine. Kamande ndizo adesi, zile punje ndogo bapa za jamii ya kunde. Mimi neno adesi nililisikia chuoni, yaani madrasa, kabla ya kulisikia jikoni, katika Suratul Baqara, aya ya 61, pale Bani Israili walipomwambia Nabii Musa kwamba hawawezi kuvumilia chakula cha namna moja, wakataka mboga, matango, thomu (kitunguu saumu), adesi na vitunguu. Nyumbani kwetu zilikuwa za supu ya mwezi wa Ramadhani, basi. Ukenda Marikiti ukasema adesi, wazee wa maduka ya bizari watakuelewa mara moja. Kongowea ni afadhali useme kamande. Ukisema dengu waweza kupimiwa pojo, kwa kuwa wenzetu wa bara pojo huziita ndengu.

Chukua kamande nzima zenye ganda, za rangi ya udongo au kijani kibichi. Zile nyekundu ni kamande zilizomenywa na kupasuliwa. Kwa dakika 15 hivi zimeshakuwa uji. Kwa supu hazina mfano, lakini hapa twataka punje inayosimama yenyewe. Kwa watu sita mimi hupima gramu 300, karibu kikombe kimoja na nusu. Nazichagua mawe, naziosha, sizirowezi.

Sasa maji. Hili sijaona likiandikwa, na kwetu Mombasa ni jambo kubwa. Nyumba nyingi, mfereji usipotoka, watu hupikia maji ya kisima, na ya kwetu yana chumvichumvi na madini mengi. Nilipata kuchemsha kamande kwa maji hayo karibu saa nzima, zikabaki ngumu katikati huku ganda limeshaanza kuvuka. Nikamshuku muuza duka kwamba ameniuzia za mwaka juzi, na kweli kamande zilizokaa sana huchelewa kuiva. Lakini nilipochemsha zile zile kwa maji matamu ya mtungi, zikaiva kwa dakika 25. Sababu ni kwamba kalisi na magnesi iliyomo ndani ya maji magumu hukaza kile kinachoshikanisha punje, kisilainike. Basi kama huna mfereji, weka lita mbili za maji matamu kwa ajili ya kamande tu, ya kisima yafanyie kuoshea vyombo. Na tafadhali usitie magadi ili kuharakisha. Magadi yatazilainisha, ndiyo, lakini huziporomosha ganda na kuharibu vitamini B1 iliyomo. Chumvi nusu kijiko cha chai itie tangu mwanzo. Haizifanyi ngumu kama wengi tulivyofunzwa, bali huzipa ladha hadi ndani. Kinachozifanya ngumu ni uchachu, kwa hivyo ndimu, ukwaju na tungule (nyanya) zisiguse sufuria mpaka kamande zimeiva.

Siri mliyoiuliza iko hapa. Nililijua jambo hili miaka yote bila kulitambua, nikalitambua jioni moja pale Mama Ngina, baharini, tumekwenda kupunga upepo na babangu. Muuza muhogo alitoa kipande motoni, akakipasua, palepale moshi unapanda, akachukua nusu ya ndimu akaichovya kwenye chumvi na pilipili, akaisugua juu ya muhogo. Hakungoja. Nikamwuliza babangu kwa nini muhogo uliopoa ukiutia ndimu hauwi hivi. Akanambia, "Mwanangu, muhogo hunywa ukiwa moto. Ukipoa umeshafunga mlango."

Niliporudi nyumbani nilijaribu kwa mabakuli mawili. Kamande zile zile, ndimu ile ile, mafuta yale yale. Bakuli moja nikazitia zingali zafuka moshi, la pili nikangoja mpaka zipoe. Za kwanza zilikuwa na ndimu ndani ya kila punje. Za pili zilikuwa na ladha ya maji ya kamande, na ndimu ikitelezea nje. Tangu siku hiyo mchuzi wa ndimu hutangulia: huwa tayari ndani ya bakuli kubwa, wangojea kamande.

Mchuzi wenyewe ni huu. Kichwa kizima cha thomu nakikata ncha, nakipaka mafuta na kukichoma pamoja na mboga hadi kilainike, kisha nakikamua kama dawa ya meno. Thomu iliyochomwa haiwashi, ni tamu. Naiponda na chumvi, natia maji ya ndimu tatu, kijiko kimoja cha ukwaju mzito, vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya zeituni au simsim, na kijiko cha chai cha uzile, yaani bizari nyembamba, uliokaangwa mkavu hadi unukie kisha ukapondwa. Kaanga mwenyewe. Bizari iliyosagwa ikakaa kabatini miezi sita haina kazi hapa. Kamande zikiiva nazichuja, na kabla ya mvuke kwisha nazimwaga ndani ya mchuzi, nazigeuza taratibu na kuzifunika.

Mboga zina masharti yake. Boga nusu kilo, viazi vitamu viwili, karoti nne, biringani mbili, pilipili boga mbili (wa bara huziita hoho), vitunguu vitatu vilivyokatwa robo. Boga na viazi usiviache, hivyo ndivyo vinavyomfanya mtu ahisi amekula. Vyote nakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vidogo zaidi hukauka vikawa maganda. Biringani nainyunyizia chumvi dakika 20, naikamua maji, maana ikiwa mbichi hivyo hivyo hunywa mafuta kama sifongo. Kisha vyote navikausha kwa kitambaa. Kitambaa hiki ndicho kilichonikosa usiku ule wa kwanza. Mboga yenye maji haichomeki, hujitokosa kwanza, na maji yakishakauka yenyewe imeshalegea. Pia zikisongamana kwenye trei zinapeana mvuke. Tumia trei mbili, kila kipande kiguse bati, oveni nyuzi 220, dakika 35 hadi 40, ukizigeuza mara moja tu. Unatafuta kingo nyeusinyeusi na sukari ya mboga iliyoganda. Usiogope ule weusi wa kingoni. Bila yake umepika mboga za mgonjwa. Tungule zichome peke yake kwenye kisahani, zina maji mengi.

Asiye na oveni asikate tamaa, kwani bibi zetu walikuwa na oveni kabla ya umeme. Mkate wa kumimina twaupikaje? Twaupalia. Chukua sufuria pana, paka mafuta, panga mboga safu moja, iweke juu ya jiko lenye makaa machache, funika kwa sinia la bati, juu ya sinia weka makaa mengi yaliyowaka sawasawa. Moto wa juu ndio unaochoma, wa chini unasaidia tu. Itabidi upike kwa mafungu mawili au matatu, na mara kwa mara ufunue ili mvuke utoke. Nimepika kwa njia zote mbili na nasema kwa moyo mmoja: za kupalia zina harufu ambayo oveni haiwezi kuitoa. Biringani hasa.

Kuchanganya ni mwisho, dakika kumi kabla ya kula. Nachukua sinia, natandaza kamande, juu nalaza mboga zingali na vuguvugu, nikigeuza kwa mikono mara mbili tatu ili viazi visivunjike. Nazinyunyizia majani ya kotmiri (dania) na nanaa yaliyokatwa kwa kisu kikali. Kisha korosho, zile za Kilifi au Kwale, zilizokaangwa kavu na kuvunjwa nusu. Korosho si pambo. Kamande ni laini, mboga ni laini, na mdomo unaotafuna ulaini mtupu huchoka mapema. Msimu wa embe ukifika naongeza embe bichi iliyokatwa nyembamba kama njiti, na hapo ukwaju nauacha.

Watu huniuliza kama kweli yashibisha. Takriban robo ya uzito wa kamande kavu ni protini. Gramu zile 300 zikigawiwa watu sita, kila mmoja ana gramu 12 au zaidi, na unyuzinyuzi mwingi unaokaa tumboni muda mrefu na kufanya sukari iingie kwenye damu polepole. Kwa babangu hilo ndilo lenye maana. Watoto huila na chapati, na hapo ni bora zaidi, kwa kuwa ngano ina kile ambacho kamande zimepungukiwa nacho na kamande zina kile ambacho ngano imepungukiwa nacho. Yeye mzee namkatia robo ya chapati, na hajaomba ya pili. Ikibaki, mwanangu wa pili huifunga ndani ya chapati asubuhi akaenda nayo shuleni. Mimi huipenda zaidi siku ya pili ikiwa baridi, na pilipili mbichi moja.

Kuna jambo moja lililobaki, na hili lilinipa kazi kuliko mapishi yote. Kamande zina madini ya chuma, na mwanangu wa kike aliambiwa damu yake ni kidogo. Chuma cha nafaka na kunde hakiingii mwilini kwa wepesi kama cha nyama. Ndimu na pilipili boga, kwa vitamini C yake, hukisaidia kuingia. Chai ikinywewa papo hapo na chakula hukizuia, na kahawa pia. Na sisi ni watu wa chai. Kwetu sinia halijaondolewa birika limeshakuja, la rangi, na tangawizi na iliki. Kumwambia babangu aache chai baada ya chakula ni kumwambia aache kuwa yeye. Nilijaribu kumweleza mara mbili, akanisikiliza kwa adabu na akajimiminia kikombe.

Yeye mwenyewe ndiye aliyepata njia. Alhamisi hufunga sunna, na mara nyingi nami hufunga pamoja naye. Tukishafuturu kwa tende na maji na kuswali maghribi, twala saladi. Kisha yeye huondoka kwa miguu hadi msikitini, na kutoka hapo hadi kurudi baada ya isha ni saa nzima na zaidi. Birika naliweka motoni nikisikia mlango wa nje.