Mwanangu anahesabu sarafu, thamani yake haijui

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu ana miaka mitano, yuko darasa la awali. Nauza maandazi hapa Morogoro, kwa hiyo sarafu anaziona kila siku. Kuhesabu mpaka ishirini anajua, ila ukimpa sarafu tatu atasema "tatu", ziwe za hamsini au za mia tano. Juzi katoa mia tano kwa mwenzake, kapewa hamsini tatu, karudi anafurahi kapata nyingi. Nianzie wapi?
Mama Maandazi

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mtoto wako hana tatizo lolote. Anahesabu anachokiona, na thamani haionekani kwa macho. Nimefundisha madarasa ya chini mpaka nastaafu, na karibu wote huanza hivyo.

Usimfundishe kwa sura za viongozi. Ya mia mbili na ile ya mia tano iliyotoka mwaka 2014 zote zina Mzee Karume, atachanganya. Geuza upande wa mnyama: hamsini ni faru na mtoto wake, mia ni swala, mia mbili simba, mia tano nyati. Hamsini ina pembe saba, basi mwambie afumbe macho aitafute kwa vidole ndani ya bakuli. Tumia sarafu zenyewe, si picha za daftarini. Kama ana mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni, zihesabu zote kabla hamjainuka mkekani.

Kwenye kujumlisha, hamsini iweke kando. Wazazi wengi huanza nayo kwa kuwa ndiyo ndogo, na hapo ndipo mtoto anapokwama, maana hamsini na hamsini kwake ni hesabu nzito. Anza na mia. Anayejua moja, mbili, tatu, hachelewi kusema mia moja, mia mbili, mia tatu. Akizoea, weka simba mmoja, chini yake swala wawili. Kisha nyati mmoja, chini yake swala watano. Mwache abadilishe, arudishe, abadilishe tena. Akigoma kutoa swala wake watano apewe nyati mmoja, usimlazimishe. Mtume dukani na huyo nyati, aone mwenyewe anarudi na nini.

Zikichanganyika, aanze na kubwa: nyati, mia tano, simba, mia saba, swala, mia nane. Hamsini mbili kuwa mia, hilo lisubiri darasa la kwanza.

Halafu mpe kazi ya chenji. Mteja katoa mia tano, kachukua andazi la mia mbili. Kutoa bado ni kugumu kwake, basi ahesabu kwenda mbele: anamkabidhi andazi, "mia mbili", kisha anaweka swala mmoja mmoja kiganjani mwa mteja, "mia tatu, mia nne, mia tano." Aanze na majirani wanaokuja jioni, wasio na haraka.