Mashine iuze, diski baki nayo

Ndugu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Kwanza, umetaka kujua kama kompyuta yako mpakato, EliteBook 840 G3 yenye diski ya kuzunguka ya GB 500, bado ina kazi baada ya Windows 10 kuachwa bila matunzo. Pili, umeuliza kama inatosha kuifomati kabla ya kumuuzia fundi wa Kariakoo, ili uongezee fedha ya kununua nyingine. Wenzangu walionitangulia wamelijibu swali la kwanza kwa kirefu na la pili kwa maneno mawili, "fomati tu". Mimi nimehudumia kompyuta za maofisi madogo hapa Dar es Salaam kwa miaka 11, na ushauri huo umewahi kuniletea mezani mambo ambayo sikuwa na haki ya kuyaona.

Mwaka 2019 nilimnunulia mpwa wangu ThinkPad T440 kwenye duka la kompyuta za mtumba. Ilikuwa imefutwa vumbi, imewekwa Windows mpya, na ukiiwasha, kiooni hapakuwa na kitu zaidi ya alama ya kikapu cha taka. Baada ya miezi miwili kijana alifuta kwa bahati mbaya folda yenye ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, zikiwa zimebaki siku nne aikabidhi chuoni. Nikaitoa ile diski, nikaiunganisha na mashine yangu kwa waya wa USB, nikaendesha PhotoRec. Hiyo ni programu ya bure ambayo haiangalii orodha ya mafaili. Inapita diski nzima kipande kwa kipande ikitafuta alama zinazoonyesha kwamba hapa inaanza picha, hapa inaanza PDF, hapa inaanza waraka. Majina ya mafaili huwa yamepotea, kwa hiyo kila kinachopatikana hupewa herufi f na tarakimu nyingi, na kazi ya kukitambua inabaki kwako.

Ripoti ilipatikana. Lakini pamoja nayo zilitoka picha na nyaraka kwa maelfu, ambazo mpwa wangu hakuwahi kuziona. Zilikuwa za taasisi moja ya mikopo midogo: fomu zenye picha za pasipoti na alama za dole gumba, barua za wenyeviti wa mitaa, nakala za vitambulisho, hati za mauziano ya viwanja. Picha moja sijaisahau. Mama wa makamo amesimama sebuleni kwake kati ya friji na kabati la vyombo, ameshika karatasi yenye jina lake na kiasi cha mkopo, na nyuma ya pazia mtoto anachungulia. Hivyo ndivyo dhamana zinavyopigwa picha, anayekopa anasimama kando ya kile kitakachochukuliwa akishindwa kulipa. Mama yule alikubali kupigwa picha ile mbele ya afisa mikopo mmoja. Hakukubali ipitie kwa dalali, kwa fundi, dukani, na hatimaye iwe juu ya meza yangu ya kulia chakula saa tano usiku.

Nilipiga simu kwa namba iliyokuwa kwenye kichwa cha barua zao. Nilieleza kwa upole kwamba nimenunua kompyuta iliyokuwa yao na kwamba taarifa za wateja wao bado zimo. Aliyepokea alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa wewe unataka shilingi ngapi?" Sikumlaumu sana, kwani kwa jinsi mambo yalivyo mtu anayepiga simu ya namna hiyo huwa ni tapeli. Nikamwambia sitaki kitu, nikakata simu, nikaandika sifuri juu ya kila kilichokuwemo, diski nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa diski ya ukubwa ule kazi hiyo ilinichukua karibu saa mbili.

Kwa nini kufomati hakukutosha? Ichukulie diski kama nyumba ya wageni yenye daftari pale mapokezi. Ukifuta faili, kompyuta inafuta jina kwenye daftari, lakini mgeni bado amelala chumbani, na ataendelea kulala mpaka chumba kile kitakapogawiwa mtu mwingine. Ile fomati ya haraka, ambayo ndiyo karibu kila fundi huifanya kwa sababu inamalizika ndani ya sekunde chache, ni kuleta daftari jipya tupu. Kuweka Windows mpya juu yake kunajaza vyumba vichache vya mwanzo tu, kwa kuwa mfumo wote hauzidi GB 30 au 40 katika diski ya GB 500. Wengine wote wamo vyumbani.

Diski za kisasa za SSD, zinazotunza data kwenye chipu badala ya sahani inayozunguka, zina tabia nyingine, na hapa ndipo hata mafundi wazuri wanapopotoka. Ndani ya SSD kuna kidhibiti kinachohamisha data huku na huko ili seli, yaani vijichumba vya data, zisichakae upande mmoja, na kinaweka akiba ya seli ambazo Windows haizioni kabisa. Kwa hiyo ukiandika sifuri juu ya SSD nzima, huna uhakika kwamba kila seli imeguswa, na juu ya hayo umeipunguzia maisha bure. Njia sahihi ni kukiamuru kidhibiti chenyewe kisafishe kila kitu, amri inayoitwa Secure Erase, ambayo mashine nyingi za kiofisi zinayo ndani ya BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Ni kweli kwamba SSD zina utaratibu wa TRIM unaoifahamisha diski kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, na mara nyingi faili likifutwa kwenye SSD halirudi. Lakini "mara nyingi" si neno la kumwambia mtu ambaye kitambulisho chake kiko humo.

Iliyo bora kuliko zote ni kusimba diski, yaani kufanya kilichomo kisisomeke bila ufunguo, tangu siku ya kwanza, kabla haijabeba chochote, kwa BitLocker kwenye Windows za daraja la Pro au kwa LUKS kwenye Linux, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows. Diski iliyosimbwa ikiibiwa, ikipotea au ikiuzwa, kilichomo ni takataka kwa asiye na ufunguo. Nitaje na upande wa pili, maana nimeushuhudia: Windows 11 za karibuni huweza kuwasha usimbaji zenyewe pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kutambua. Mteja wangu mmoja alibadilishiwa ubao mama, mashine ikamdai ufunguo wa tarakimu 48, na alipoulizwa aliingia kwa barua pepe gani siku ya kwanza akasema alifunguliwa na kijana wa dukani, kwa barua pepe ya kijana mwenyewe. Nyaraka za miaka mitatu ziliishia hapo. Kama unayo Windows 11, ingia kwenye akaunti yako leo, uutafute ufunguo huo, uuandike kwenye karatasi.

Sasa nije kwenye sheria, kwa sababu mchangiaji mmoja ameandika kwamba kitu ukishakiuza hakikuhusu tena. Mwaka ule wa 2019 hapa Tanzania tulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ambayo inamwangalia zaidi anayeingia kwenye mfumo bila idhini, na haikuwa na mengi ya kumwambia anayeacha mlango wazi. Wakenya walitutangulia kwa Sheria yao ya Ulinzi wa Data ya 2019. Yetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Msingi wake unaeleweka hata kwa asiye mwanasheria: anayekusanya taarifa za mtu anazikusanya kwa kusudi lililotajwa, hazihifadhi kupita muda unaohitajika, na anawajibika kuzilinda kwa muda wote zinapokuwa mikononi mwake. Sioni ni kwa hoja gani taasisi inaweza kudai kwamba wajibu huo unaisha siku dalali anapopakia kompyuta kwenye Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo.

Kikwazo cha kuutimiza wajibu huo, kwa maoni yangu, kiko kwenye leja ya stoo. Nimewahi kuiomba ofisi moja initolee diski 12 kutoka kwenye kompyuta chakavu zilizokuwa zinapelekwa mnadani, na mtunza stoo akakataa kabisa, akaniambia kwamba kitabuni zimeandikwa kompyuta 12 kamili, na zikienda zimepungukiwa kitu mkaguzi atamuuliza yeye. Alikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu chake. Ofisi hiyohiyo ilikuwa na mashine ya kuchanachana karatasi, na hakuna aliyethubutu kutupa fomu ya mteja kwenye pipa bila kuipitisha humo. Fomu hiyohiyo ikiwa ndani ya diski inahesabiwa kuwa chuma. Tukakubaliana nizisafishe palepale stoo zikiwa ndani ya mashine, kazi iliyonichukua siku mbili, na siku ya pili umeme ulikatika mara mbili katikati ya kazi.

Kuhusu mashine yako mwenyewe nitakuwa mfupi, wengine wameshasema. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft wameweka nyongeza ya masahihisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa atakayejiandikisha. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa ujumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako, kama ni i5-6300U, ni ya sita, kwani tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi (kuanzia kizazi cha kumi zinasomwa mbili). Unaweza kulikwepa sharti hilo kwa kutengeneza flashi ya kuwekea Windows kwa Rufus, programu ya bure, na mimi nimefanya hivyo kwenye mashine yangu, ila siifanyi kwenye ya mteja, kwa sababu masasisho ya mbele hayana dhamana na atakayelaumiwa ni mimi.

Nionavyo mimi, mashine hiyo si chakavu. Kinachoichosha ni ile diski ya kuzunguka, ambayo ikijitahidi husoma kama MB 100 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida kabisa ya SATA hukaribia 550. Weka SSD, ongeza RAM ifike GB 8 au 16 kwa kuwa ina nafasi mbili za kuichomeka, kisha weka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandika na mahesabu. Kwa kuandika, kuvinjari, kufanya mahesabu na kusoma, itakutumikia kwa miaka. Kama kazi yako inategemea programu ya uhasibu inayokubali Windows pekee, hapo sina ubishi na wewe, tafuta ya kizazi cha nane, kwa mfano 840 G5 au ThinkPad T480. Ila usikubali ile Windows iliyokrekiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, inayokuja kama zawadi ya duka. Mbali na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, hiyo programu ya kukreki huomba kwanza kinga ya virusi izimwe, na kinachoingia baada ya hapo hukioni.

Ukienda kuinunua hiyo nyingine, usilipe kabla hujaiunganisha na intaneti ya simu yako palepale dukani na kuirejesha mwanzo (Reset) ianze kama mashine mpya. Kuna mashine zilizotoka kwenye makampuni ya nje bado zikiwa zimesajiliwa kwao. Zikionja mtandao tu, jina la kampuni hujitokeza kwenye kioo na kukudai nywila ya mfanyakazi wao. Ingia pia kwenye BIOS uhakikishe haina nywila, kisha andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri uone betri imebakiwa na uwezo kiasi gani ukilinganisha na ule iliotoka nao kiwandani. Muuzaji akinuna ukifanya hayo, maduka ni mengi.

Nirudi kwenye swali lako la pili. Ukiamua kuuza, kwenye 840 G3 diski inatoka kwa kufungua mfuniko wa chini kwa bisibisi ndogo, na haitakuchukua dakika 15. Inunulie kasha la USB uitumie kwa chelezo, yaani nakala za akiba za mafaili yako. Kama imeshakufa, izungushie kitambaa kizito kabla ya kuitoboa kwa drili, kwa maana diski nyingi za kompyuta mpakato zina sahani za kioo ndani, nazo hupasuka vipande vidogo vyenye ncha. Diski ya yule mpwa wangu ninayo hadi leo kwenye droo, imejaa picha za harusi ya dada yake. Fundi atakuambia kwamba bila diski anakupunguzia bei. Mimi mara ya mwisho nilipunguziwa shilingi 30,000. Mkubalie, na kama ataitaka mashine ikiwa na diski ili aijaribu, muwekee SSD ndogo tupu ya GB 120 ambayo haijawahi kukaa na faili lako hata moja.