Mwanangu, jicho lako limechoka

Mwanangu Zawadi,

Salamu nyingi kutoka Buruburu. Sisi tu wazima, na goti la baba yako linaendelea vizuri. Ujumbe wako wa Jumanne usiku niliusoma alfajiri, nikausoma tena kabla sijatoka kitandani. Umeniuliza: "Mama, nikiacha kwa mwezi mzima hii kazi ya mteja wa siri, ya kujifanya mnunuzi ili niripoti wanavyohudumia watu, huo si uvivu? Na nikirudi, waratibu wanaonigawia kazi watakuwa bado wananikumbuka?" Nilitaka kukupigia simu, kisha nikaona ni heri niandike, maana kwenye simu utanikatiza uniambie uko sawa.

Hauko sawa, mwanangu. Niliona Jumapili ile tulipoketi katika hoteli ile ya karibu na barabara ya Tom Mboya. Dada aliyetuhudumia alipoondoka tu, ulitazama saa chini ya meza. Aliporudi na chai na mandazi ukasoma jina lake kifuani, ukakagua sakafu kama imepigwa deki, kisha midomo ikasema bila sauti, "Dakika saba." Siku hiyo hukuwa kazini. Ulikuwa na mama yako. Nilikuwa nakusimulia mipango ya harusi ya binamu yako, nawe ukaitikia "mm, mm," na najua hukusikia hata neno moja.

Watu huiona kazi yako nyepesi: uingie dukani, ununue, ulipwe. Mimi nimekaa nawe usiku ukijaza fomu zile. Jina la aliyekuhudumia, saa uliyoingia na saa uliyotoka, foleni ilikuwa na watu wangapi, nani alianza kusalimu, chooni kulikuwa na sabuni au hakukuwa. Yote hayo unayabeba kichwani, kwa kuwa huwezi kutoa kalamu mbele yao, na ripoti inatakiwa siku hiyo hiyo. Ukidhani umemaliza, inarudishwa na maswali mengine kumi.

Lakini naona kinachokumaliza zaidi ni kule kujifanya. Asubuhi uko Westlands ukimweleza afisa wa benki kwamba unataka mkopo wa gari, na gari huna haja nalo. Mchana uko Karen, umeagizwa ulalamike kwamba chakula kimepoa ili ionekane mhudumu atajibu vipi, na unaona kabisa yule kijana amehuzunika. Jioni uko Thika Road ukiuliza bei ya simu usiyokusudia kuinunua. Watu watatu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja ambaye ni wewe. Tena huwezi kumsimulia mtu, kwa sababu umetia sahihi kwamba utatunza siri. Mwalimu akichoka ana walimu wenzake ofisini wa kunung'unika nao. Wewe una nani?

Nilimuuliza shangazi yako, maana ameuguza watu miaka mingi. Aliniambia kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kujitenga na kazi hata ukaichukia, na kuhisi kwamba ufanyacho hakina tija. Hapo nikakumbuka uliyoniandikia: "Siku hizi keshia akinitabasamia nafikiri ananidanganya."

Maneno hayo yaliniuma, na sababu yake sijawahi kukwambia. Mwaka 2009, ulipokuwa bado shule ya msingi nami nikiwa keshia dukani, meneja wetu aliniita ofisini akanisomea karatasi. Mteja wa siri alikuwa ameandika kwamba keshia wa kaunta ya nne, mwenye miwani, hakusalimu wala hakusema asante. Kaunta ya nne ilikuwa yangu, ndiyo, lakini miwani wakati huo sikuwa nayo. Mwenye miwani alikuwa mwenzangu wa kaunta ya tano, na hata yeye alikuwa mtu wa salamu. Nilieleza, hawakunisikiliza. Nikapewa barua ya onyo, na marupurupu ya mwezi ule sikuyapata. Ndiyo maana ule muhula ulienda shule na viatu vya dada yako. Kwa miaka mingi nilimwona yule mteja kuwa mtu mbaya. Tangu uingie kazi hii nimeanza kumfikiria vingine. Huenda letu lilikuwa duka lake la sita siku ile. Huenda aliandika saa sita usiku huku anasinzia, kama ninavyokuona wewe.

Basi, swali lako la uvivu nimelijibu hapo. Unachouza ni jicho lako na kumbukumbu yako. Vikichoka, anayeumia pamoja nawe ni keshia fulani mwenye watoto ambaye hata hakujui. Walioajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imewapa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Wewe unafanya kwa kandarasi, kwa hiyo hakuna atakayekuletea fomu ya likizo. Jiandikie mwenyewe.

Kuhusu kusahauliwa: wanaokasirika ni wale walioachwa dakika za mwisho. Maliza kwanza kazi ulizokwisha kukubali, hata kama zimebaki tatu, kisha waandikie waratibu kwamba hutapatikana kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Usieleze mengi.

Pesa ndizo za kuangalia. Wewe hulipwa siku 45 au 60 baada ya ripoti, kwa hiyo mwezi wa mapumziko hutauhisi mfukoni mwezi ule ule. Utauhisi miezi miwili baadaye, ukishasahau. Weka kodi ya nyumba ya mwezi huo kando sasa hivi. Na ukiwa umepumzika, chukua kalamu upige hesabu ya kazi za mbali. Kuna siku ulikwenda Karen tu, kwa shilingi 900. Kutoka kwako Roysambu, nauli kwenda na kurudi ilikula 400. Ukaondoka saa nne asubuhi, ukarudi saa tisa, ukaandika ripoti saa nzima. Ni shilingi 500 kwa saa sita. Kazi kama hizo, mwanangu, hata ukirudi waachie wengine.

Wiki ya kwanza usipange lolote. Ukipata nguvu nenda msitu wa Karura asubuhi, upite njia ya maporomoko, simu iwe begani ndani ya mkoba. Utajikuta unahesabu mabango na kuangalia walinzi kama wana sare safi. Usijigombeze, itapungua yenyewe. Lakini ikiwa wiki mbili zitapita na bado unaamka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, kama ulivyoniandikia, tutakwenda pamoja kumwona daktari. Nitakusindikiza, na nitakaa nje kama hutaki nisikie.

Jumamosi njoo nyumbani. Maharagwe na mahindi ya githeri nitayachemsha Ijumaa usiku, wewe utakata kitunguu na dania. Baba yako anataka umsomee barua ya hospitali kuhusu goti, maana maandishi ni madogo. Ukitaka kulala mchana kutwa, kile kitanda chako bado kiko pale dirishani, na nimeshafua blanketi.

Mama yako