Bonanza letu la Igombe, mlango mmoja unatosha?

SWALI: Mwangaluka dada. Sisi vijana wa mtaa tunaandaa bonanza ufukweni huku Igombe, mchana mashindano ya kupiga kasia na kuvuta kamba, jioni muziki wa jenereta. Kiwanja tumezungushia mabati ili watu walipe buku mbili, na mlango tumeacha mmoja tu mana tukiweka miwili watu watapenya bure. Barua polisi tushapeleka. Kuna kitu tumesahau? (Msomaji, Ilemela)

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Barua mmefanya vizuri, polisi wanatakiwa wajue angalau masaa 48 kabla, ila huo mlango mmoja umenishtua kweli. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa uwanjani kwenye mkutano wa maombi, hakukuwa na moto wala nini, ni watu wengi kukimbilia sehemu moja kwa wakati mmoja basi. Kwenye msongamano mtu hafi kwa kukanyagwa tu, anabanwa kifua mpaka hewa haiingii, na wale wa nyuma hawaoni kama mbele kuna mtu kaanguka ndo mana wanazidi kusukuma.

Kwa iyo hao wa kupenya bure waacheni wapenye. Toboeni mlango wa pili na wa tatu, mipana, pande tofauti, ifunguke kwa nje, isifungwe kwa kufuli wala waya, na kila mlango awepo kijana mwanzo mpaka mwisho, asiende kucheza muziki. Afu chora chini mraba wa mita moja kwa moja wasimamishe wenzako wanne humo, utaona walivyobanana, wakifika watano hapo ni hatari, sasa mbele ya jukwaa mkiona watu wamefikia hivo simamisheni kuuza tiketi hata kama foleni bado ipo.

Upande wa ziwa msiseme ni karibu na nchi kavu. MV Nyerere, kile kivuko cha Ziwa Victoria, ilipinduka Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia gati la Ukara, imejaza watu kupita uwezo wake. Kila mpiga kasia avae jaketi okozi na alifunge, sio kulikalia, na mtumbwi mmoja wa injini ukae majini muda wote bila abiria, kazi yake kuokoa tu. Radi ikianza kunguruma toeni watu majini hapohapo, msisubiri fainali iishe.

Jenereta iwe mbali na watu, msiongeze petroli ikiwa inawaka, na Zimamoto waambieni mapema waje wakague, namba yao 114. Ulizeni kituo cha afya cha karibu nani yuko zamu usiku huo, gari la mgonjwa liwe na dereva asiyekunywa na njia yake isizibwe na bodaboda.

Afu mteueni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzima muziki, DJ na MC wamjue kwa sura, akinyoosha mkono wanazima bila kuuliza kwanini.